Kutengeneza Madoido ya Picha Nyumbani kwa GIMP: Uzoefu Wangu wa Unguja

Programu ya kuhariri picha ya GIMP ninaitumia nyumbani, hapa Mji Mkongwe, kwa picha za harusi za jamaa, za Idi na za matembezi. Kwa niliyoyaona, madoido mengi ambayo watu huyalipia studioni yanaweza kutengenezwa kwa kompyuta ya kawaida, ilimradi mtumiaji awe tayari kujifunza kwa utulivu matumizi ya tabaka na maski. Programu ni ya bure, haina ada ya mwezi, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila ya intaneti, jambo ambalo si dogo kwa anayenunua bando kwa kuhesabu. Walioianzisha ni Spencer Kimball na Peter Mattis, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na umma ulianza kuitumia mwaka 1996.

Tabaka ni picha inayolazwa juu ya picha nyingine, na maski ndiyo inayoamua sehemu gani ya tabaka hilo ionekane: palipopakwa nyeupe huonekana, palipopakwa nyeusi hufichika, na kijivu huacha nusunusu. Aliyeelewa jambo hili amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya madoido yanayopendwa mitandaoni.

Doido ninalolipenda zaidi ni lile la kuacha rangi moja tu huku picha iliyobaki ikiwa nyeusi na nyeupe. Unanakili tabaka la picha, unaliondolea rangi tabaka la juu, unalitia maski nyeupe, kisha unapaka nyeusi kwa brashi mahali unapotaka rangi ya chini ijitokeze. Nilimfanyia shangazi yangu picha aliyopigwa mbele ya mlango wa nakshi, kanga yake nyekundu ikabaki na rangi zake zote, pamoja na pindo na maandishi ya jina, na ule mlango wenye misumari mikubwa ya shaba ukawa kijivu. Brashi ikivuka mpaka hakuna hasara, kwa kuwa unapaka nyeupe juu yake na kosa linafutika. Herufi X kwenye kibodi hubadilishana rangi hizo mbili papo hapo. Ninashauri kitu kimoja tu kiachiwe rangi, maana vikiwa vitatu jicho halijui lielekee wapi.

Picha mbili kuwa moja nayo ni rahisi kuliko inavyoonekana, lakini kazi yake huanzia kwenye kamera. Mtu apigwe ubavuni huku mbingu nyeupe ikiwa nyuma yake, awe kivuli cheusi. Forodhani jioni, wakati jua linazama baharini, panafaa sana kwa hilo. Kisha picha ya pili, kwangu mimi mikarafuu niliyoipiga Pemba, huwekwa juu na kupewa hali ya kuchanganya, yaani namna tabaka la juu linavyochanganyika na la chini, ile iitwayo Screen ambayo hung'arisha: penye weupe chini hubaki weupe, na penye weusi hujazwa na picha ya juu, hata majani yakaonekana yamo ndani ya kichwa cha mtu. Picha iliyopigwa mchana kweupe, uso ukiwa na mwanga, haitoi matokeo hayo hata uihangaikie vipi.

Kuufifisha usuli, yaani eneo lililo nyuma ya mtu, ili mtu atokeze ndiko kunakotaka subira. Ukififisha tabaka zima na kumrudisha mtu kwa maski, rangi za mwili wake huwa zimeshasambaa pembeni na kumzungushia ukungu unaoonyesha wazi kwamba picha imechezewa. Dawa ni kumfuta kwanza mtu kwenye tabaka la usuli kwa kifaa cha kunakili, kinachomfunika kwa vipande vya usuli wa jirani, halafu ndipo ufifishe. Mwenye mtandio au kofia ana ukingo safi na kazi huisha haraka, ilhali nywele za mtoto zilizotimka zinaweza kukumaliza jioni nzima.

Mtindo wa rangi ya chungwa na samawati-kijani, ambao hupatikana kwa kusukuma vivuli upande wa samawati na sehemu za mwanga upande wa njano na nyekundu, mimi siupendekezi kwa picha za huku. Bahari yetu tayari ina rangi hiyo, kuta za mawe ya matumbawe tayari zina umanjano, na kanzu nyeupe ya bwana harusi hugeuka kama haikufuliwa tangu Ramadhani.

Anayeanza leo achukue toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, au la baada yake, kwa sababu humo vichujio, yaani madoido yaliyo tayari kama ya kufifisha, vinaweza kurekebishwa hata baada ya kutumika, ilhali zamani kichujio kilikuwa kikiungana na picha papo hapo. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itasitasita kwenye picha kubwa zenye tabaka nyingi. Kazi ihifadhiwe kwa muundo wa XCF, unaotunza tabaka zote, na nakala ya kuchapisha itolewe kando kwa JPEG. Kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6, pikseli 1,200 kwa 1,800 zinatosha. Umeme nao hautoi taarifa kabla ya kukatika, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani ahifadhi kila anapomaliza tabaka moja.