Uzoefu wangu: Shure SM57 kwa demo ya kwanza ya bendi ya gitaa

Bendi changa yenye magitaa mawili, besi na ngoma haihitaji rundo la maiki ili itoe demo. Kwa upande wa magitaa SM57 moja inatosha, mkirekodi gitaa moja baada ya jingine. Iko sokoni tangu 1965, haitaki umeme wa volti 48 (ule ambao mashine ya kurekodi hutuma kwa baadhi ya maiki kupitia waya), wala haibabaiki amplifaya ikinguruma. Nimeitumia kwa rock na kwa benga, na benga ndiyo iliyonionyesha uzuri wake na ukali wake.

Solo la benga hupigwa juu na kwa kasi, nyuzi zikidonolewa mojamoja. SM57 nayo huinua sauti kali za juu, za karibu 5 hadi 6 kHz, kwa hiyo solo linapenya katikati ya ngoma bila kuongezwa sauti. Lakini ukiilenga katikati kabisa ya spika, itachoma masikio. Mulika tochi kupitia kitambaa cha mbele uone kile kifuniko cha mviringo kilicho katikati ya spika. Weka maiki sentimita 3 kutoka kitambaani, ikitazama ukingo wa kifuniko hicho. Ikiwa bado kali, isogeze pembeni sentimita 2 kabla hujagusa vitufe vya amplifaya. Besi ikizidi, irudishe nyuma hadi sentimita 15, maana maiki za aina hii huongeza besi kadiri zinavyokaribia chanzo cha sauti. Amplifaya yenyewe ikae juu ya kreti ya soda. Ukiiacha sakafuni, besi inajaa na gitaa linasikika kama limefunikwa na sufuria.

Gitaa la rizimu lisinaswe mahali palepale pa solo. Sogeza maiki nje zaidi, kuelekea ukingo wa spika, ndipo hayo mawili yaache kugombania nafasi. Kosa hili nalisikia katika demo nyingi za Nairobi, na watu humlaumu fundi mitambo bure.

Mgongo wa maiki ndio usiosikia vizuri, basi uelekeze dirisha la barabarani. Honi za matatu hazitaisha, ila zitafifia. Mvua juu ya mabati haina dawa.

Mkisikia mvumo, msianze na maiki. Punguza sauti ya gitaa mpaka sifuri. Mvumo ukitoweka, ujue unaingia kupitia pikapu, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa: kaa mbali na taa za tyubu na chaja za simu, au geuka kidogo. Mvumo ukibaki, kagua amplifaya na waya wa ardhi wa soketi. Kuna wanaong'oa pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uishe. Umeme wetu ni volti 240, msithubutu.

Katika mipangilio ya kurekodi chagueni biti 24 na 48 kHz, na vilele vya sauti vifike kama -12 dB kwenye mita. Kwa mwimbaji anayeimba polepole bila nguvu siipendekezi SM57: mawimbi ya umeme inayotoa ni dhaifu, utalazimika kupandisha geini (ukuzaji wa mawimbi ya maiki) mpaka usikie mchakacho. Azimeni maiki ya kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo.

Za bandia zipo, na nyingi huwa nyepesi. SM57 halisi ina gramu 284 bila waya, kwa hiyo ukienda kununua beba mizani ndogo ya jikoni.