Fedha za umma kwenye kampeni: Maine au New York?

Katika jimbo la Maine, Marekani, mgombea wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hukusanya angalau michango 60 ya dola 5 au zaidi kutoka kwa wapiga kura wa eneo lake. Pesa hizo huenda kwenye mfuko wa umma, si kwake. Akiidhinishwa hupewa ruzuku, na michango binafsi inakoma. Mchango wa asiyesajiliwa kupiga kura eneo hilo hauhesabiwi, kwa hiyo ni busara kukusanya ya ziada.

Jimbo la New York, kwa mgombea wa bunge la jimbo, huongezea fedha za umma juu ya michango midogo ya wakazi wa eneo lake: dola 50 za kwanza mara 12, 100 zinazofuata mara 9, 100 nyingine mara 8. Hivyo dola 250 huleta 2,300 za umma. Ila mgombea anaendelea kuomba michango hadi mwisho. Asiye na marafiki wenye uwezo, Maine inamfaa zaidi.