Nyumba ya Eames au ya Farnsworth: ungekaa ipi?

Zote mbili ni za chuma na vioo, zimepishana miaka miwili tu. Ya Farnsworth, kule Plano, Illinois (1951), msanifu majengo Mies van der Rohe aliinyanyua juu ya nguzo nane nyeupe ili ikwepe mafuriko ya mto Fox; maji yakaingia vilevile, 1954 na 1996. Inapendeza mno, lakini pa kujificha hapana, vioo pande zote! Mwenye nyumba, daktari Edith Farnsworth, aliishia mahakamani na msanifu wake kwa sababu ya gharama.

Ya Charles na Ray Eames, wabunifu mtu na mkewe, Los Angeles (1949), ni vyuma vya kawaida vya kuagiza kiwandani. Ndani mmejaa vitabu, mazulia na mimea. Walikaa humo hadi walipofariki, 1978 na 1988. Mimi ningehamia hiyo kesho.