AWS re/Start: bure kweli, ila jipange
AWS re/Start ni mafunzo ya Amazon Web Services (AWS), huduma ya kukodisha seva na hifadhi mtandaoni. Ni wiki 12 za kutwa nzima, hulipi ada, na huhitaji digrii ya kompyuta. Linux, mitandao, Python, usalama na hifadhidata vyote vimo, kwa kasi. Ukiwa na kibarua cha mchana, utashindwa mapema.

Utamu uko kwenye mazoezi ya vitendo, na wengi hukwama kwenye SSH, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa amri. Skrini ikiganda mpaka muda uishe, kagua sheria za usalama za seva: huenda poti ya 22 (mlango wa SSH) haijafunguliwa kwa anwani yako ya IP. Ikilalamikia ruhusa za faili la ufunguo, andika chmod 400 na jina la faili, ili lisomeke na wewe tu. SSH haikubali ufunguo unaosomeka na kila mtu.

Ukifungua akaunti yako binafsi ya AWS, weka kwanza tahadhari ya bajeti. NAT Gateway, huduma inayoziwezesha seva za ndani kufika intaneti, hutoza kila saa hata usipoitumia, na ndiyo huwashtua wageni.

Mafunzo haya hukuandaa kwa mtihani wa cheti cha AWS cha Cloud Practitioner. Mtihani una maswali 65 kwa dakika 90, kufaulu ni alama 700 kati ya 1000. Ni wa msingi tu. Anayelenga kazi ya uhandisi aendelee na cheti cha juu zaidi, Solutions Architect Associate.