Jongoo mchanga hai wa somo la neva, Bagamoyo: chukua wanyama, acha chupa

Kifurushi hiki huuzwa na mfugaji mmoja wa majongoo bahari Bagamoyo kwa ajili ya vyuo na sekondari. Ndani mna jongoo mchanga (aina ya jongoo bahari, Holothuria scabra) watatu, magnesiamu kloridi ya kuwalaza, chupa ya asetilikolini (kemikali ambayo neva huitumia kuamuru msuli ujikunje) iliyokwisha kuchanganywa, na karatasi ya maelekezo.

Wanyama hawana dosari. Kila mmoja yuko kwenye mfuko wake, maji ya bahari theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, tena wamekaa kwanza bila mchanga mpaka utumbo ukasafika. Hapo mfugaji anajua kazi. Jongoo aliyeshiba huchafua maji yake njiani, na akibanwa au joto likizidi hutema matumbo. (Hafi kwa hilo, matumbo huota upya, ila kwa somo la siku hiyo amekwisha haribika.) Wakati wa masika ulizia kabla ya kulipa, maana mto Ruvu ukifurika chumvi ya maji hushuka na jongoo hudhoofu.

Chupa ndiyo bure kabisa. Asetilikolini imechanganywa na maji ya bahari, ambayo pH yake ni 8 na kidogo. Humo huvunjika yenyewe ikawa kolini na asetati, na joto la ndani ya basi la kwenda Tanga huharakisha. Ukiitia kwenye bakuli lenye msuli uliokatwa wa jongoo, msuli unatulia tu, na wanafunzi wanaandika kwamba jongoo hana kipokezi, yaani sehemu ya msuli inayoipokea asetilikolini. Nunua unga wa asetilikolini, yeyusha miligramu 182 katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, tia tindikali ya siki kidogo hadi pH 4, weka kwenye friji. Mililita 0.2 katika bakuli la mililita 20 za maji ya bahari zinatosha kukaza msuli. Usiwe na haraka: msuli huu hujikunja polepole.

Karatasi nayo inataja ubongo. Jongoo hana ubongo. Ana pete ya neva kuzunguka mdomo na kamba tano za neva zinazoambaa mwilini, sambamba na mikanda ya misuli ya urefu. Mkanda huo ndio wa kukata, nao utengwe vizuri na ngozi. Ngozi ya jongoo hukakamaa na kulegea kwa amri ya neva bila msuli wowote kuhusika, kwa hiyo ukiiacha imeshikamana hutajua unapima nini.

Kumlaza jongoo kabla ya kumkata, gramu 75 za magnesiamu kloridi kwa lita ya maji yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, subiri hadi akiguswa asikakamae. Karatasi haisemi kwamba baadaye msuli uoshwe kwa maji safi ya bahari, ukibadilisha mara kadhaa kwa nusu saa au zaidi. Magnesiamu ikibaki, hata asetilikolini nzuri haitafanya kitu.

Mfugaji hukubali kuuza majongoo peke yao. Agiza wanne badala ya watatu, mmoja atatema matumbo.