Bao la Mvule la Fundi wa Shamba: Tathmini ya Mchezaji

Mtu anayetaka kununua bao la kete hapa Unguja hakosi la kununua, kwani yamejaa milangoni mwa maduka ya vinyago Mji Mkongwe, na mengine yamo ndani ya simu wala hayahitaji hata kipande cha ubao. Mengi kati ya hayo hayafai kuchezewa. Bao ninalolizungumzia hapa ni la mti wa mvule, nililoliagiza kwa fundi seremala mmoja wa shamba kwa shilingi 85,000, na nimelichezea nyumbani na barazani kiasi cha kuweza kusema kwa nini naliona linastahili bei yake, na ni wapi fundi angeweza kulitengeneza vizuri zaidi.

Bao mimi hulipima kwanza kwa shimo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64. Katika zamu moja tu mchezaji anaweza kuzoa na kugawa mara nyingi mfululizo, akila kete za mwenzake zilizo mkabala na kuendelea, mpaka kete yake ya mwisho iangukie shimo tupu na zamu yake ilale, yaani ikome. Kila mara vidole vinapaswa kuingia shimoni na kutoka na kete zote kwa mkupuo mmoja. Shimo likiwa jembamba na kuta zake zimesimama wima, kete moja au mbili husalia chini, mkono hurudi kuzichokoa, na papo hapo huzuka ubishi kama zile zilizosalia zilikuwamo katika hesabu au hazikuwamo. Mashimo ya bao hili yana upana wa karibu sentimita 6 na nusu, kina chake hakifiki sentimita 3, yamechimbwa mviringo kama bakuli, na ndani yamepigwa msasa mpaka ncha ya kidole haigusi alama yoyote ya patasi. Hata shimo la mbele likiwa na kete kumi na nne, zote hutoka kwa mzoo mmoja, bila ya hata moja kuruka nje.

Jambo la pili ni nyumba, na hapa ndipo fundi anayeujua mchezo anapojitenga na anayechonga kwa ajili ya macho ya mgeni. Nyumba, lile shimo la mraba, ni ya nne kutoka mkono wa kulia wa kila mchezaji katika safu yake ya mbele. Kwa kuwa wachezaji wameketi wakitazamana, nyumba mbili hizo haziwezi kukabiliana. Kila moja hukaa upande wake wa katikati ya bao, zikapishana kwa shimo moja. Nimeona dukani mabao mazuri sana kwa nakshi, yenye maua pembeni kama ya milango ya zamani, ambayo nyumba zake zimechongwa zikikabiliana uso kwa uso. Mwenye kuanza mchezo humo hupanga kete sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na mara hugundua kwamba mwenzake ana kete mbele yake kabla hata ya namu ya kwanza, yaani kete ya mkononi inayoingizwa mchezoni kila zamu, kutiwa. Mpango wote wa mwanzo huharibika, kwa sababu bao la Kiswahili huanza pasipo na cha kula, na anayetangulia hana budi kutakata, yaani kugawa kete bila ya kula. Mabao mengine dukani yana safu mbili tu na yanakunjwa kwa bawaba. Hayo ni ya mchezo mwingine, na muuzaji angemtendea haki mnunuzi kwa kumwambia hivyo. Bao la fundi huyu nyumba zake ziko mahali pake, na mraba wake umekatwa kwa pembe safi ambazo hazizuii kidole kuzoa.

Mbao yenyewe ni nzito, na uzito huo ni sifa. Bao jepesi huteleza juu ya mkeka kila mchezaji anapotia kete kwa nguvu, na wachezaji wetu wengi hutia kwa nguvu. Hili halisogei. Sauti yake nayo ni kavu na fupi, hivyo mpinzani anayefuata mgao kwa sikio husikia kila kete ikigonga, jambo ambalo wazee wa barazani hulithamini kuliko nakshi yoyote. Kete alizonipa fundi ni komwe halisi za ufukweni, za kijivu, ngumu, zinazokaribiana kwa ukubwa, pamoja na chache za akiba. Ningemshauri mtu asikubali gololi za kioo ambazo baadhi ya wauzaji huzitia badala ya komwe, kwani gololi huviringika shimoni na hazitulii.

Nimeulizwa mara kadhaa na vijana wa mtaani kwa nini kutumia fedha hizo ilhali bao la simu ni bure. Mimi ni mpenzi wa gemu, na siku nyingi jioni huwa kwenye kibanda cha pleistesheni pamoja nao, kwa hiyo jibu langu halitokani na kuidharau simu. Bao la simu nililolijaribu huandika juu ya kila shimo idadi ya kete zilizomo, na mchezaji akigusa shimo, mashine humaliza mgao wote yenyewe. Kazi kubwa ya bao imefanywa na mwingine. Umahiri wa mabingwa wa Zanzibar, ambao mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliuchunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995, umo hasa katika kuubeba kichwani mzunguko mrefu wa kula na kugawa kabla ya kugusa kete. Aidha, programu hiyo haikumpa mchezaji hiari pale kete yake ya mwisho inapofikia nyumba yake iliyo hai, yaani ambayo bado haijazolewa, wakati wa namu, achague kulala au kusafiri, yaani kuzoa kete zote za nyumba na kuendelea kuzigawa. Ilisafirisha nyumba kwa lazima. Mchezaji wa Jaws Corner, baraza maarufu ya Mji Mkongwe, angeuacha mchezo huo katika zamu ya tatu, na nisingemlaumu.

Bao hili lina kasoro mbili. Halina mashimo ya akiba kwenye ncha zake, hivyo kete 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi hukaa mapajani au juu ya mkeka, na zikichanganyika na za mwenzake hapana njia ya kuamua. Pili, fundi amepaka vanishi kwenye kingo, na kwa joto la hapa kiganja chenye jasho hunata kikipita juu yake. Ubao mtupu uliosuguliwa vizuri ungetosha.

Kwa familia yenye watoto, bao hili hili linatosha kufundishia, kwa kuwa bao la kujifunza huchezwa kwa kutia kete mbili mbili katika kila shimo na kuanza bila ya namu. Fundi huchonga kwa kuagizwa tu, na hungoja mbao ikauke sawasawa kwa sababu mbao mbichi hupasuka kwenye kuta nyembamba zilizo baina ya mashimo. Basi anayelitaka aagize mapema, na siku hiyo hiyo amwambie fundi achimbe mashimo ya namu kwenye ncha zote mbili na aache kupaka vanishi.