Fundi wa laptopu pale Mwanjelwa: anapima kwanza, bei baadaye

Fundi ninayemsifu hapa yuko Mwanjelwa, Mbeya mjini, upande wa kuelekea Kabwe, kwenye ule mstari wa vibanda vya kava na chaja za simu. Hana bango. Ukiwauliza wauza kava "fundi wa laptopu" watakunyooshea kidole. Naandika kwa sababu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wengi tunatumia laptopu za mtumba, na zikianza kuwa nzito kila mtu anakwambia uza, nunua nyingine. Yangu nilibakiza kidogo tu niiuze kwa bei ya spea, kumbe ilikuwa bado nzima.

Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huko Mbozi. Msimu ukifunguka, kila mkulima anayeleta kahawa mbivu anaandikwa kilo zake, tarehe, na makato ya mbolea aliyokopa. Yote yamo kwenye Excel, ndani ya HP EliteBook 840 G1, toleo la 2013. Mashine imara, kibodi yake bado nzuri. Lakini ilikuwa imefika mahali ukiiwasha saa mbili, saa mbili na robo ndiyo inakubali kufungua faili. Ukitafuta jina la mtu, kioo kinapauka chote, mshale unazunguka, na mzee aliyetoka kwake alfajiri na gunia juu ya baiskeli amesimama dirishani anakusubiri. Wengine wanaanza kuhisi unawachezea kilo zao. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Mafundi niliowapelekea mwanzo siwataji. Mmoja alipiga Windows upya bila kuniuliza hata swali, ikakimbia kwa muda, ikarudi palepale. Mwingine aliishika, akaigeuza, akasema bodi imechoka, nimwachie aniongezee hela kidogo nichukue nyingine. Hakuifungua.

Huyu wa Mwanjelwa ni kijana, mpole. Baada ya shikamoo na marahaba akaanza maswali. "Mama, uzito ulianza ghafla au taratibu? Ikitoka kuwaka tu inakuwa nzito, au mpaka ishike moto? Ina sauti yoyote?" Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi akilifanya: akageuza kioo kinielekee mimi. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukatokea ukurasa unaoonyesha nani anafanya kazi na nani amekaa. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa haifiki asilimia kumi. Rami ya GB 4, kumbukumbu ya kazi zinazoendelea, ilikuwa bado na nafasi. Diski ilikuwa asilimia 100, nyekundu, na haishuki.

"Umeona? Hawa wawili hawana shida, wanamsubiri huyu mmoja. Ukinunua rami leo utakuwa umenunua kitu ambacho hakijaomba." Jirani yangu ofisini alikuwa ameshanishawishi ninunue rami, na hela nilikuwa nayo mkobani.

Alianza na visivyo na gharama. Alizima programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapowaka, nyingine sijui hata nani aliziweka. Akakuta antivairasi mbili zinafanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo kila faili nililofungua lilikuwa linakaguliwa mara mbili. Akaondoa moja. Pakawa na nafuu, lakini diski ikarudi tena kwenye 100.

Hapo ndipo alipoitia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Ikaja rangi ya njano na onyo. Akanieleza vizuri: diski za zamani zina sahani inayozunguka, yangu mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia juu yake kutafuta maandishi. Sehemu za sahani zikianza kufa, diski inatumia sehemu za akiba ilizotoka nazo kiwandani. Sehemu mbovu zikiongezeka, kuzisoma kunakuwa kwa kurudiarudia, na wewe unaona laptopu imeganda. Akaniambia niinamie pale diski ilipo nisikilize. Kulikuwa na tik, tik, kisha kimya, kisha tik. Ile sauti nilikuwa nayo mezani msimu mzima na sikujua ni ya nini.

Na hapa ndipo aliponivuta moyo kabisa. Alisema, "Sasa sigusi kitu mpaka nihamishe data zako." Diski inayokufa, alisema, ukiilazimisha ijikague au ijipange upya unaichosha, inaweza kuzima hapohapo na vitabu vya wakulima vikaenda nayo. Akahamishia kila kitu kwenye diski yake ya nje, akafungua faili la msimu uliopita, akanipa kiti. "Pitia majina, mama. Ukiridhika ndiyo tuendelee." Nilipitia ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Hakunihimiza hata kidogo, na foleni ilikuwepo.

Diski mpya aliyoweka ni SSD ya GB 256. Haina sahani wala mkono, hakuna kinachozunguka. Diski ya kawaida inasoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa faili limepangwa vizuri, na inashuka vibaya faili zikiwa ndogo na zimetawanyika, ndivyo Windows ilivyo. SSD ya aina hii inagusa 500, na hivyo vidogo vidogo haivihofii. Mfuniko wa chini wa 840 G1 unasukumwa tu unatoka, kwa hiyo niliona kila kitu.

Baadaye alitoa feni. Mbozi kiangazi ni vumbi jekundu, na ofisi yetu iko jirani na mahali pa kuanikia kahawa. Kwenye matundu ya kutolea joto alichomoa kwa kibanio utando wa vumbi na maganda makavu, mzima, kama kipande cha blanketi. Pesti iliyo juu ya prosesa, ile dawa ya kupitisha joto, ilikuwa imekauka, inapukutika. Prosesa ikishika moto sana hupunguza mwendo yenyewe isiungue, ndiyo maana yangu ilikuwa inazidi kuwa nzito mchana, hata kwenye baridi ya Juni. Kabla ya usafi ilikuwa inapanda hadi nyuzi 90 na kitu. Baada ya pesti mpya, kazi ileile, sitini na kidogo.

Sasa inawaka mpaka Excel kwa chini ya dakika moja. Nikiandika herufi tatu za jina la mkulima, anatokea.

Jambo moja alinieleza waziwazi, na wenye laptopu za umri huu walijue. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya 2013 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Microsoft waliweka nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Aliniandikisha. Baada ya hapo alinishauri Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, au hii ya hesabu niiweke mbali na intaneti. Hakujifanya kwamba ameimaliza shida hiyo.

Kasoro zipo. Hapo nje pana spika za muuza flashi za nyimbo, mkiongea mnapaziana sauti. Risiti hatoi mpaka uombe, na udhamini wa SSD, miezi mitatu, aliuandika kwa mkono nyuma ya risiti. Ningependa uwe mwaka. Alisema nije jioni, ikalala kwake mpaka kesho yake kwa sababu umeme ulikatika, na kwa mtu anayetoka Mlowo au Tukuyu hiyo ni nauli ya pili. Betri yangu haidumu, naye alikataa kuniuzia aliyokuwa nayo dukani kwa sababu haiamini. Niliondoka bila betri.

SSD ilikuwa 85,000, ufundi wote pamoja na usafi 25,000. Kupima hakulipishwi ukitengeneza kwake. Usipotengeneza unaacha 5,000. Diski yangu ya zamani alinirudishia mkononi bila kudaiwa, imefungwa kwenye karatasi.

Ukienda, beba chaja yako na nywila zako, na fika kabla ya saa nne asubuhi. Jumapili hafungui.